Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Uthabiti wa Theluji na Hatari ya Maporomoko kwa Wanaopanda Milima kwa Skii

Tangu kampuni ya Norwei ilipopata gesi asilia katika kisima cha Zafarani, kwenye kina kirefu cha bahari mkabala na Lindi, mwaka 2012, safari za vijana wa kusini kwenda Norwei kwa masomo na kazi si jambo geni tena. Mimi ni mmoja wao. Nilikaa huko miaka miwili, nikajifunza kupanda milima kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea theluji zinazofungwa miguuni, pamoja na wanafunzi wenzangu, kisha nikarudi Mtwara. Wadogo zangu wanaojiandaa kuondoka, na wazazi wao pia, huniuliza maswali yanayofanana kuhusu theluji, nami nimeona ni vyema niyajibu kwa pamoja na kwa utulivu. Majibu haya yanahusu milima isiyo na msimamizi, yaani nje ya viwanja vya kuteleza ambavyo wenyewe huvikagua kila asubuhi na kuviwekea alama. Hayachukui nafasi ya kozi, na mtu asipande mlima kwa kutegemea maandishi haya peke yake.

Sisi ni watu wa pwani. Je, jambo hili linatuhusu kweli?

Linatuhusu kwa sababu mgeni hualikwa. Wiki chache baada ya kufika, wenzako wa bweni watakwambia kwamba Jumamosi wanakwenda mlimani, kwamba skii utaazimwa na kwamba hali ya hewa ni nzuri, nawe utaona haya kukataa ukarimu huo. Kwao kwenda mlimani ni kama kwetu kwenda ufukweni. Tofauti ni kwamba mtoto wa Mikindani amejua tangu utotoni maji yakikupwa hurudi saa ngapi na mkondo huvuta kuelekea wapi, wala hakumbuki ni nani aliyemfundisha. Kwenye theluji hana elimu hiyo, na macho yake hayamsaidii, kwa kuwa theluji ya salama na theluji ya kuua zote ni nyeupe na zote zinapendeza.

Wala waliozoea theluji hawajasalimika. Tarehe 5 Machi 1986, wakati wa mazoezi ya kijeshi katika bonde la Vassdalen, kaskazini mwa Norwei, poromoko moja liliwaua askari 16. Tarehe 19 Desemba 2015 theluji iliteremka kutoka mlima Sukkertoppen na kuzikumba nyumba 11 za mji wa Longyearbyen huko Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo mbali kaskazini. Watu wawili walipoteza maisha, nao walikuwa majumbani mwao. Tarehe 2 Januari 2019 wapanda milima wanne waliokuwa na skii walifukiwa katika bonde la Tamok, si mbali na Tromsø, mji ambao baadhi yenu mtaishi.

Poromoko la theluji ni kitu gani hasa?

Ziko aina kuu mbili. Ya kwanza huanzia mahali padogo: theluji laini isiyoshikana huanza kumwagika kutoka nukta moja na kupanuka kadiri inavyoteremka, kama mchanga mkavu unavyomwagika pembeni mwa chungu lake fundi anapochota. Ya pili, ambayo ndiyo inayoua zaidi, ni poromoko la bamba. Hapa tabaka la juu limeshikamana lenyewe kwa lenyewe, lakini limekalia tabaka dhaifu lililo chini yake. Tabaka dhaifu likivunjika mahali pamoja, mvunjiko husambaa chini kwa chini katika muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kugeuza kichwa, mpasuko hutokea juu ya mteremko kama uliokatwa kwa kisu, na bamba zima huondoka pamoja na yeyote aliyekuwa juu yake.

Aliyewahi kuingia katika ghala la korosho wakati wa msimu ataelewa upesi. Ukikanyaga rundo la korosho ghafi, zinaporomoka pale tu ulipoweka mguu. Sasa laza ubao mpana juu ya rundo lililoinama, kisha ukanyage ukingo mmoja wa ubao: punje zote zilizo chini yake huviringika kwa pamoja, na ubao mzima unakwenda nazo. Ubao ndio bamba, korosho ndizo tabaka dhaifu.

Uzito wake huwashangaza wengi. Chukua bamba dogo lenye urefu wa mita 50, upana wa mita 50 na unene wa nusu mita, la theluji yenye uzito wa kilo 200 kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni tani 250, sawa na zaidi ya gunia 3,000 za korosho za kilo 80, zikiteremka kwa mwendo unaoweza kupita kilomita 100 kwa saa.

Wapo wanaolinganisha jambo hili na maafa ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipowashukia wananchi wa Katesh. Kwa ukubwa wa huzuni yanalingana, lakini kwa chanzo yanatofautiana. Watu wa Katesh hawakufanya lolote la kuliamsha tope lile. Katika ajali za vifo za wapanda milima, takribani mara tisa kati ya kumi poromoko huamshwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Hili linaniuma kila ninapoliandika, na papo hapo linanipa matumaini, kwa sababu tunachokiamsha sisi wenyewe tunaweza pia kuamua kutokiamsha.

Theluji imelala wiki nzima bila kuguswa. Kwa nini isiwe imetulia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na naomba msomaji alisome jibu lake polepole.

Theluji haianguki mara moja. Huanguka leo, ikapigwa na upepo kesho, ikayeyuka kidogo juani keshokutwa na kuganda usiku, kisha ikaangukiwa na nyingine. Kila tukio huacha tabaka lake, na kufikia Februari mteremko unakuwa umebeba historia ya majira yote ya baridi, kila siku ikiwa na ukurasa wake. Baadhi ya matabaka hukaza kadiri siku zinavyopita, kwa kuwa punje zake huviringana na kushikana. Mengine hudhoofika yakiwa pale pale yalipo, bila kuguswa na mtu.

Kinachoamua ni tofauti ya joto ndani ya theluji. Ardhi iliyofunikwa hubaki karibu na sifuri, ilhali uso wa theluji hupoa pamoja na usiku. Joto na mvuke hupanda kutoka chini kwenda juu, na pale tofauti inapozidi kiasi cha sentigredi moja kwa kila sentimita 10 za unene, mvuke huo huzibadilisha punje: zinakuwa kubwa, zenye pembe, na zisizoshikana. Tufanye hesabu. Theluji yenye unene wa nusu mita, uso wake ukiwa sentigredi 15 chini ya sifuri, ina tofauti ya sentigredi 3 kwa kila sentimita 10, na hapo tabaka dhaifu hujengeka. Theluji ya mita mbili katika usiku ule ule ina tofauti isiyofika sentigredi moja kwa kipimo hicho, na punje zake huelekea kukaza. Ndiyo maana theluji haba ya mwanzo wa majira, ambayo mgeni huiona haina madhara kwa kuwa ni nyembamba, mara nyingi ndiyo msingi mbovu utakaobeba mizigo yote itakayokuja baadaye.

Mara ya kwanza nilipoishika theluji ya aina hiyo nilikumbuka mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Ilikuwa chumvi ya mawe kabisa: punje zenye nyuso bapa zinazometameta, ambazo nilijaribu kuzifinyanga kiganjani nikashindwa, zikamwagika katikati ya vidole vya glovu na kutoa mchakacho mdogo.

Lipo tabaka dhaifu jingine ambalo ni zuri kwa macho. Usiku mtulivu wenye anga jeupe na nyota nyingi, mvuke wa hewani huganda juu ya theluji na kuota kama manyoya madogo ya barafu. Asubuhi kila mtu hupiga picha. Siku mbili baadaye theluji mpya huyafunika, na manyoya yale hubaki yamesimama gizani, yakiwa yamebeba bamba lote. Tabaka la namna hii laweza kudumu kwa wiki kadhaa, na lile la chumvi kwa miezi. Kwa hiyo utulivu wa wiki moja hauthibitishi kitu.

Ni mteremko wa namna gani ulio hatari?

Mabamba mengi huporomoka kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45, hasa kati ya 35 na 40. Chini ya 30 ni nadra bamba kuondoka. Juu ya 50 theluji haipati nafasi ya kurundikana, kwani humwagika kidogo kidogo inapoanguka. Paa la makuti linalomwaga maji vizuri mara nyingi huwa na mwinamo unaofikia au kupita digrii 30, na yafaa ulikumbuke unaposimama chini ya mlima.

Jicho peke yake hudanganya, hasa jicho lililozoea nchi tambarare. Simu nyingi zina kipimo cha mwinamo: ilaze juu ya fimbo yako ya skii iliyolala kwenye mteremko, kisha usome namba. Kwenye ramani ya Norwei ya kipimo cha 1:50,000, ambayo mistari yake ya mwinuko hupishana kwa mita 20, mistari ikikaribiana kwa kiasi cha milimita 0.7 ujue mteremko umefika digrii 30. Siku hizi zipo pia ramani za mtandaoni zilizokwisha kupakwa rangi kwa kufuata mwinamo, na mtu hana udhuru wa kuondoka nyumbani kabla ya kuzitazama.

Zingatia jambo ambalo wengi hulisahau: si lazima uwe juu ya mteremko mkali ndipo upatikane. Ukipita bondeni chini yake, poromoko linaweza kukushukia. Tena, tabaka dhaifu likiwa pana, uzito wako ukiwa mahali tambarare unaweza kuvunja kitu ambacho mvunjiko wake utapanda hadi juu na kuliangusha bamba lililo kichwani kwako. Kwa hiyo swali kamili ni mawili: nimesimama juu ya nini, na juu yangu kuna nini?

Ushauri wangu kwa anayeanza hauna masharti mengi. Katika majira yako ya kwanza, kaa kwenye miteremko ya chini ya digrii 30 ambayo haina mwingine mkali juu yake. Theluji huwezi kuijua, hata waliobobea hukiri hivyo. Mwinamo unaweza kuujua kwa hakika, na hakika hiyo moja inatosha kukurudisha nyumbani.

Upepo una uhusiano gani na hatari hii?

Mkubwa mno. Mvuvi wa Msanga Mkuu hahitaji kufundishwa tofauti ya goshini na demani, na mlimani maneno hayo yanafaa kama yalivyo. Upepo huikwangua theluji upande wa goshini, unakotokea, na kuirundika upande wa demani, nyuma ya mgongo wa mlima, kwa kasi inayoweza kuzidi mara kadhaa ile ya theluji inayotoka mawinguni. Punje husagika njiani, zikifika zinafungamana, na hilo ndilo bamba. Anga linaweza kuwa jeupe pe na mlima ukawa unajazwa mzigo saa hiyo hiyo. Ukiona moshi mweupe ukipeperuka kutoka kileleni, ukiona mikunjo kama ya mchanga wa ufukweni juu ya theluji, au ukichoma fimbo ukasikia kama unachoma ngoma, ujue upepo umepita hapo na kufanya kazi.

Tahadhari za kila siku nitazisomaje?

Nchini Norwei hutolewa na idara ya serikali inayosimamia maji na nishati, NVE, kupitia varsom.no, tangu mwaka 2013. Uswisi wamekuwa wakitoa taarifa kama hizo tangu 1945 kupitia taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos. Nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja chenye ngazi tano: ya 1 ni hatari ndogo, ya 2 ni ya wastani, ya 3 ni kubwa kiasi, ya 4 ni kubwa, na ya 5 ni kubwa sana.

Kosa la wengi ni kuidhania ngazi ya 3 kuwa ni katikati, kama alama 50 za mtihani. Si hivyo. Kutoka ngazi moja hadi nyingine hatari hairuki kwa hatua sawa, bali huongezeka maradufu na zaidi, na katika ngazi ya 3 mtu mmoja anaweza kuliamsha bamba kwenye miteremko mingi mikali. Sehemu kubwa ya vifo hutokea katika ngazi hiyo, kwa sababu katika ya 4 na ya 5 watu huogopa na kubaki nyumbani. Werner Munter, kiongozi wa milima wa Uswisi, aliweka kanuni ambayo bado inafundishwa: katika ngazi ya 2 usipite digrii 40, katika ya 3 usipite 35, katika ya 4 usipite 30. Mimi kwa mgeni ninapunguza zaidi, kama nilivyoeleza hapo juu.

Usisome namba peke yake. Taarifa hueleza pia ni tatizo gani lipo, kama ni theluji mpya, theluji ya upepo, tabaka dhaifu la kudumu au theluji iliyolowa. Hueleza liko kwenye miteremko inayoelekea wapi, na kuanzia mwinuko gani. Maelezo hayo ndiyo yanayokwambia ubadilishe njia ipi.

Nawaomba pia muichukulie tahadhari kama mnavyopaswa kuzichukulia za Mamlaka ya Hali ya Hewa hapa kwetu. Mwezi Aprili 2019 wananchi wa Mtwara walitakiwa kuondoka maeneo ya hatari kwa sababu ya kimbunga Kenneth, nacho kikapiga upande wa Msumbiji. Wapo waliosema baadaye kwamba tumetishwa bure. Hatukutishwa bure, ng'ambo ya Ruvuma watu walikufa. Tahadhari huonyesha ukubwa wa uwezekano, na siku isipotimia kwako haimaanishi kwamba ilikosewa.

Nikiwa njiani, ni dalili zipi zinazonitaka nigeuke?

Ya kwanza na yenye nguvu kuliko zote ni poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wako. Theluji imekwisha kujibu swali, huna haja ya kuuliza tena. Ya pili ni sauti: unapokanyaga, theluji hushuka ghafla chini yako kwa mshindo mzito, buu, kama mlango wa ghala unaofungwa mbali. Sauti hiyo ni ya tabaka dhaifu linalovunjika. Niliisikia mara moja nikiwa mahali tambarare, miti midogo iliyokuwa mita kama 20 mbele yetu ikatikisika na kumwaga theluji yake, na sote tuliokuwapo tulinyamaza. Ya tatu ni nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha za skii zako. Nyingine ni theluji mpya nyingi, hasa sentimita 30 au zaidi ndani ya saa 24 pamoja na upepo. Mvua juu ya theluji. Na joto linalopanda upesi. Majira ya kuchipua, theluji iliyokuwa ngumu kama saruji alfajiri huwa uji adhuhuri, kwa hiyo wenyeji huondoka kukiwa bado giza na kushuka mapema.

Je, kuchimba shimo na kupima theluji hakutoshi?

Kuchimba kunafundisha sana, lakini hakutoi ruhusa. Nitaeleza kipimo kimoja nilichokifanya mwenyewe.

Tulichagua mahali salama, penye mwelekeo na mwinuko sawa na mteremko tulioutaka, tukachimba hadi chini kiasi cha sentimita 120 na kulainisha ukuta kwa sepetu. Kwanza ukuta hukaguliwa kwa mkono: unajaribu kusukuma ngumi ndani yake, ikikataa vidole vinne, kisha kimoja, kisha penseli, kisha kisu. Juu kisu cha mwenzangu kiliingia kwa shida. Chini ya sentimita 45, ngumi yangu yote ilizama bila kutumia nguvu. Mpangilio huo, kigumu juu ya laini, ndio unaotafutwa.

Kisha tukakata gogo la theluji lenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30, likiwa limeachana na theluji iliyo nyuma yake na pembeni zake. Kipimo hiki kilibuniwa na watafiti wa maporomoko Ron Simenhois na Karl Birkeland na kuelezwa mwaka 2006. Unalaza bapa la sepetu juu ya ncha moja ya gogo na kulipiga mara 10 kwa kukunja kifundo cha mkono, mara 10 kuanzia kiwiko, na mara 10 kuanzia bega. Kinachotazamwa hasa ni kama mvunjiko utabaki chini ya sepetu au utasafiri hadi ncha ya pili. Pigo la 13, mstari mwembamba kama uzi ulipita gogo zima kwa mara moja, na kipande chote cha juu kikateleza mapajani mwangu. Chini yake kulikuwa na ile chumvi ya mawe.

Tulirudi. Lakini sikilizeni sehemu ya pili: kundi jingine lilichimba mita kama 100 kutoka kwetu, likapiga mara 30, na gogo lao halikuvunjika. Theluji ile ile, asubuhi ile ile. Upepo, mawe na vichaka vilivyofunikwa hubadilisha matabaka kutoka hatua moja hadi nyingine. Kwa hiyo matokeo mabaya yakuzuie, na matokeo mazuri yasikupe ujasiri ambao hukuwa nao kabla ya kuchimba.

Tukikuta njia za skii za waliotutangulia, si ishara ya usalama?

Hapana. Mteremko unaweza kubeba watu wanane na kuvunjika kwa wa tisa, kwa sababu yeye ndiye aliyepita mahali bamba lilipokuwa jembamba.

Ni vifaa gani vya lazima, na bei yake ni kubwa?

Ni vitatu, kwa kila mtu, bila kuazimana katikati ya safari: kifaa cha mawimbi cha kutafutana, kinachorusha na kupokea katika masafa ya kilohezi 457, ambayo ni ya kimataifa, ufito wa kuchomea unaokunjuka, wenye urefu wa mita 2.4 au zaidi. Na sepetu ya chuma, si ya plastiki. Kwa mwanafunzi bei ni kubwa kweli, lakini vyama vingi vya wanafunzi na vya wapanda milima hukodisha. Upo pia mkoba wenye mfuko wa hewa unaofutuka ili mtu abaki juu ya theluji. Unapunguza vifo, ila hauzuii kugongwa na mwamba wala kurushwa ukingoni.

Kabla ya kuondoka, kila mtu asimame na kifaa chake kipimwe na mwenzake. Asubuhi moja ya baridi kali tuligundua kwamba betri za mmoja wetu zilikuwa zimekaa tangu majira yaliyopita, na kifaa kilizima dakika chache baada ya kuwashwa. Hakuna aliyemlaumu. Tulisubiri dukani kufunguliwe.

Mwenzangu akifukiwa, nifanye nini?

Wewe ndiye mwokozi wake. Helikopta ikija upesi bado huchelewa. Waliofukiwa wakitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, karibu tisa kati ya kumi huwa hai. Ikifika dakika 35, wengi wamekwisha kukosa hewa. Mtazame anapopelekwa na ukariri mahali pa mwisho ulipomwona. Hakikisha hakuna theluji nyingine itakayowashukia. Wote wageuze vifaa vyao kwenye kupokea. Kifaa kimoja kikisahauliwa kwenye kurusha, mtatafuta mtu aliyesimama. Mmoja apige 112. Fuateni ishara hadi namba iwe ndogo kabisa, chomeni kwa ufito kwa mpangilio, na mkimgusa acheni ufito pale pale.

Kisha chimbeni, na hapa ndipo dakika nyingi hupotea. Theluji iliyosimama baada ya kuporomoka hukaza kama saruji, na kumfikia mtu aliye mita moja chini ni kuhamisha tani moja au zaidi. Anzeni upande wa bondeni, mchimbe kuingia kwake badala ya kuchimba juu yake, mpokezane. Mkifika, kichwa kwanza, na kinywa kisafishwe.

Mimi ni mzazi, nipo Lindi. Mwanangu ameniandikia kwamba anakwenda milimani. Nimkataze?

Shikamoo mama yangu. Mimi nisingemkataza, kwa kuwa atakwenda asikuambie, na hapo utakuwa umepoteza nafasi ya kumuuliza. Muulize mambo matatu: amepata kozi wapi, leo ngazi ya tahadhari ni ya ngapi, na anatarajia kurudi saa ngapi. Akijibu kwa namba na majina, anajua anachokifanya. Akijibu kwamba usijali mama, basi mwambie akupigie tena akishapata majibu.

Je, Mlima Kilimanjaro una hatari hii?

Theluji yake ni kidogo na haijengi matabaka mazito ya namna niliyoeleza, wala si mlima wa skii. Hatari yake ya kuporomoka ni ya mawe, ambayo barafu inayopungua huyaachia. Mwezi Januari 2006 mawe ya namna hiyo yaliwaua wapandaji watatu wa Marekani katika njia ya Western Breach.

Kiongozi wetu ni mzoefu na ni mkubwa kwangu. Nitamwambiaje kwamba mimi nataka kurudi?

Swali hili hawaliulizi wengi, lakini nalijua, kwa sababu lilinikaa kooni mwenyewe. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa anapoongoza, na ni malezi mema. Mlimani, hata hivyo, waliochunguza ajali wameona mara kwa mara kundi lenye watu wenye elimu ya kutosha likipita penye dalili zilizo wazi, kwa sababu njia waliizoea, au kilele kilikuwa karibu, au kila mmoja alidhani mwenzake ameshapima. Mgeni ambaye hajaizoea njia huweza kuona kile ambacho mzoefu ameacha kukitazama.

Wanorwei wenyewe wana kanuni za milimani ambazo watoto wao hufundishwa, na mojawapo inasema ugeuke mapema, kwamba kugeuka si aibu. Kiongozi yeyote wa kule anaijua. Zungumza kabla ya kuondoka, mkiwa bado mnakunywa kahawa: kubalianeni kwamba mtu mmoja akisema turudi, wote mnarudi, na maelezo yatatolewa bondeni. Tulipoliweka sharti hilo katika kundi letu, mimi nilikuwa wa kwanza kulitumia, siku ya pili tu, chini ya mteremko ambao simu yangu iliusoma digrii 34 baada ya usiku mzima wa upepo. Kiongozi alitazama juu, akatazama simu, akaanza kugeuza skii zake.